Uzi: Mwaka wa tatu tunaishi ndani ya chombo cha tanga, na hizi ndizo kazi ambazo hakuna anayeziuliza

Ngamani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na habari zenu wanajamvi.

Huu ni mwaka wa tatu mimi na mke wangu tunaishi ndani ya chombo cha tanga chenye urefu wa futi 31, cha faiba, tulichokinunua mkononi mwa mtu baada ya kuachwa juani kwa miaka kadhaa. Hatuzunguki dunia. Tunakaa kati ya Tanga, Pangani, Nungwi na Pemba, na mara mojamoja tunashuka hadi Dar es Salaam kutafuta vipuri. Wageni wetu huuliza maswali mawili yale yale, la kwanza iwapo hatuogopi dhoruba, na la pili iwapo hatuchoki kukaa bure. Swali hilo la pili humfanya mke wangu acheke peke yake. Kwa hesabu yangu, katika kila siku kumi tunasafiri siku moja, na zile tisa zinaishia katika kuteka maji, kukwangua, kushona, kupaka grisi na kukausha vitu ambavyo havitaki kukauka. Tena nimegundua kwamba safari yenyewe, hata iwe ya saa sita tu, ni ukaguzi wa zile siku tisa, na mkaguzi huyo hapokei udhuru.

Dhoruba nizimalize mapema. Pwani yetu iko karibu na ikweta, kwa hiyo vimbunga hutufikia kwa nadra. Kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei 2024, kilichofika upande wa Mafia, kilitukuta Tanga tukiwa na nanga mbili chini na matanga yote yamefungwa, na kwetu kiliishia kuwa mvua na usiku wa kutolala. Basi.

Sasa ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambako maji hukusanyika, ambayo ndiyo iliyonipa jina ninalotumia humu. Kila asubuhi, kabla ya chai, nafunua ubao wa sakafu ulio chini ya ngazi na kuangalia maji yamefika wapi. Chombo cha faiba hakivuji kama jahazi la mbao, lakini hakuna chombo kilicho kikavu kabisa. Nikikuta maji, nachovya kidole na kuonja. Najua baadhi yenu mtakunja uso, lakini hakuna kipimo cha haraka kuliko ulimi. Yakiwa matamu, tangi letu la maji ya kunywa linavuja na hasara yake ni kiu. Yakiwa ya chumvi, bahari imepata mlango. Mwaka jana yalikuwa ya chumvi kwa siku nne mfululizo, kiasi cha kikombe kimoja kwa siku, nami nilikagua kila vali na kila mpira bila kuona kitu. Siku ya tano nililala kifudifudi nyuma ya injini huku nimeuma kurunzi, nikatazama pale mhimili wa rafadha (panga boi) unapotokea nje ya chombo. Palikuwa na tone limening'inia. Likanenepa, likaanguka, na nilipohesabu mpaka ishirini jingine likaanza kukusanyika. Nati ilikuwa imelegea robo mzunguko tu. Kuikaza nako kunataka kiasi, kwa sababu ukiikaza mno mhimili unapata joto na kulika, kwa hiyo nilikaza kidogo, nikaondoka, nikarudi kuhesabu tena, na kazi ya robo mzunguko ikachukua asubuhi nzima.

Baada ya ngama ni maji ya kunywa. Tangi linachukua lita 200, na madumu kumi ya lita 20 yanatupa akiba nyingine kama hiyo. Watu wawili tunatumia lita 15 kwa siku kwa kila kitu, yaani akiba yote ni ya siku 26, na tulipokuwa tukiishi nyumba ya kupanga nilikuwa namaliza lita hizo 15 kwa kuoga mara moja. Vyombo tunaviosha kwa maji ya bahari na kuvisuuza kwa kikombe kimoja cha maji matamu, isipokuwa tukiwa bandarini, ambako maji yana dizeli na mambo mengine nisiyopenda kuyataja wakati wa kula. Kuoga tunaogelea kwanza, kisha tunajisuuza kwa lita mbili kwa kutumia lile bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa mashambani, ambalo tulilinunua jipya na halijawahi kuona dawa. Ni kifaa bora kuliko vyote nilivyonunua kwa ajili ya maisha haya, na ndicho cha bei ndogo zaidi.

Kila dumu tunalinyanyua mara tano kabla halijamiminwa, kutoka bombani hadi kwenye mkokoteni, kutoka mkokotenini hadi mchangani, kutoka mchangani hadi kwenye kihori (mtumbwi wetu mdogo), kutoka kihorini hadi sitahani, na kutoka sitahani hadi kwenye mdomo wa tangi. Kabla ya hayo yote kuna salamu kwa bwana diko, msimamizi wa pahali pa kufikia vyombo, na mgeni anayeruka hatua hiyo atashangaa jinsi bomba linavyoweza kukauka ghafla. Masika tunapumzika, kwa sababu tunatandaza turubai juu ya sitaha na mvua moja nzuri ya usiku inajaza madumu yote. Maji ya dakika kumi za kwanza tunayamwaga, maana hayo yanaosha chumvi na kinyesi cha ndege.

Nitaendelea na safari nikipata mtandao. Maswali yanakaribishwa.

Mkaa Pwani Asiyeogelea

Mkuu, ahsante kwa uzi. Naomba kuuliza mambo mawili kabla hujafika kwenye safari. Mnapika kwa kutumia nini, na chakula hakiharibiki bila jokofu katika joto la huku kwetu?

Ngamani

Ndugu yangu, jokofu tulilikuta ndani na tukalitoa mwezi wa pili. Tuna paneli za jua za wati 200, na jokofu lilikuwa linakula karibu umeme wote, kiasi kwamba siku za mawingu tulikuwa tukichagua kati ya samaki baridi na taa ya mlingotini, ambayo ni lazima iwake usiku tukiwa tumetia nanga. Tangu hapo tunakula kama walivyokula mabaharia wote wa pwani hii, yaani mchele, unga, maharage, dagaa, ng'onda, nazi, ndimu, viazi na vitunguu, na samaki mbichi siku anapopatikana. Mayai yanakaa wiki tatu yakigeuzwa kila siku mbili. Ndizi hatuingizi mkungu mzima kabla ya kuuzamisha baharini kwa dakika kadhaa, na maboksi ya karatasi hayapandi kabisa, kwa kuwa mende hutaga ndani ya mikunjo yake. Mende wakiingia chomboni wanakuwa wapangaji wa kudumu wasiolipa kodi.

Tunapikia gesi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja hutoka kwa chini ya mlango, lakini chombo hakina mlango wa chini, kwa hiyo inateremka ngamani na kutulia pale ikisubiri cheche. Mtungi wetu unakaa nje, ndani ya kisanduku chenye tundu la chini linalotoa hewa baharini, na tunafunga vali ya mtungini kila baada ya kupika, hata kama tutachemsha chai tena nusu saa baadaye. Nimeingia katika vyombo vya watu ambavyo mtungi umesimamishwa jikoni pembeni ya jiko. Chai yao nilikunywa nikiwa sitahani.

Serahangi Mstaafu

Mwanangu Ngamani, nimesoma na nimefurahi. Nami nilikuwa baharia wa majahazi tangu ujanani, nikapakia boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na baadaye mizigo ya kila namna kati ya Lamu, Mombasa na Unguja. Sisi maji yetu yalikaa katika fantasi, tangi la mbao lililofungwa sitahani, na nahodha ndiye aliyekuwa na kauli juu ya kata ya kutekea. Jiko letu lilikuwa kisanduku cha mbao kilichojazwa mchanga, na juu ya mchanga mafiga na kuni. Gesi hiyo unayoiogopa sisi hatukuwa nayo, ila tuliogopa upepo kugeuka ghafla na kaa la moto kurukia tanga.

Ngama unayoiona wewe kwa kidole, sisi tuliifua kwa ndoo kwa zamu, na chombo kikikaa sana bila kalafati, yaani pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, zamu zilikuwa fupi. Mbao za juu tulizipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na harufu yake ilimfanya mtu ajulikane kuwa ni baharia kabla hajafungua mdomo. Chini tulipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa, jahazi likiwa limepwelewa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu zaidi.

Nina swali moja. Hicho chombo chako unakipiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kwa urahisi? Maana jahazi lenye tanga la kwetu, kugeuza upande tanga linapopokea upepo ni lazima foromali, boriti inayoshikilia tanga, ipitishwe mbele ya mlingoti upande wa pili, kazi ya watu wengi na kelele nyingi, ndiyo maana manahodha wengi walipenda kugeuka kwa kufuata upepo, au kukaa bandarini wakingoja msimu.

Ngamani

Shikamoo mzee wangu. Hiki chetu kinapiga bisha na watu wawili, mmoja akiwa usukanini na mwingine akilegeza kamba ya upande huu na kuvuta ya upande wa pili. Lakini hayo ya kungoja msimu nayafuata kama mlivyoyafuata ninyi. Nilijaribu kuwa mjanja mwaka wa kwanza kwa kutoka Pangani kwenda Nungwi mwezi Juni, maili 25 tu za baharini, huku kusi likivuma usoni na mkondo wa pwani, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima na kupata nguvu zaidi wakati wa kusi, ukiturudisha nyuma. Tulipiga bisha kutwa, na ilipofika magharibi mnara wa Nungwi ulikuwa bado hauonekani. Tukageuza omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, na kurudi Pangani kwa saa tatu. Tangu siku hiyo kutoka Nungwi tunapanda Pemba na Tanga wakati wa kusi, na tunateremka kaskazi ikiingia.

Hivyo basi nieleze safari ya Septemba iliyopita, kutoka Kendwa, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, maili 30 hivi. Nimeichagua kwa sababu ilikuwa ya kawaida kabisa na bado ilitutoza faini mbili.

Siku moja kabla ya kutoka ni ya kufunga vitu. Kila kinachoweza kuanguka kitaanguka, na kile ambacho huamini kwamba kinaweza kuanguka kitakuwa cha kwanza. Birika linafungwa, samli inawekwa ndani ya sufuria na sufuria ndani ya sinki, vitabu vinabanwa kwa kamba, kihori kinapandishwa na kufungwa kifudifudi sitahani. Tunapika wali wa nazi usiku kwa ajili ya siku ya pili, kwa sababu jikoni hakuingiliki chombo kikiwa kimelala ubavu. Tulichagua siku ya maji mafu, wakati kujaa na kupwa hakuna nguvu nyingi, na tukapanga kufika kati ya saa saba na saa tisa mchana. Hesabu hiyo ya saa ina sababu yake. Mkoani tunaiingia tukielekea mashariki, na asubuhi jua liko usoni, maji yote yanakuwa bati linalong'aa na mwamba hauonekani. Baada ya adhuhuri jua linahamia mgongoni, na rangi zinajitokeza, buluu iliyokoza penye kina, kijani penye mchanga, kahawia penye mwamba.

Tuling'oa nanga saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri. Kendwa wakati wa kusi ni pahali pa udanganyifu, kwa kuwa kisiwa chote cha Unguja kinakukinga na maji yanakuwa kama kanzu iliyopigwa pasi. Tulipunguza tanga kubwa tukiwa bado katika utulivu huo, jambo ambalo kwa mtu aliyesimama ufukweni lingeonekana uoga. Dakika arobaini baadaye tulipotokeza nje ya rasi, wimbi la kusi lilitupokea ubavuni na chombo kikalala. Ni katika maji hayo ya Nungwi ambako meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na kila tunapopita hapo tunanyamaza kidogo bila kuambiana.

Kwa sababu ya mkondo hatukuelekeza omo Mkoani. Tuliielekeza Kisiwa Panza, kusini kabisa mwa Pemba, kiasi cha nyuzi kumi kulia mwa njia yetu, na mkondo ukatusogeza kushoto saa baada ya saa mpaka tukajikuta mbele ya Mkoani kama tulivyotaka. Mtu asiyejua angesema nahodha amepotea na kisha akapata bahati. Tulikuwa tukienda fundo nne hivi, yaani maili nne za baharini kwa saa, mke wangu akiwa usukanini kwa saa mbili, mimi kwa saa mbili, tukila wali baridi kwa mkono mmoja.

Faini ya kwanza ilitufika kama saa tatu asubuhi. Wimbi moja lilipanda omo na kumwagika juu ya sitaha, na dirisha la mbele lilikuwa limeachwa bila kukazwa. Maji kama ndoo mbili yaliingia moja kwa moja kwenye godoro. Wanaoishi nchi kavu watasema godoro litaanikwa. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kitu kilicholowa maji ya bahari hukauka adhuhuri na kulowa tena magharibi bila tone la mvua kuanguka, na kitaendelea hivyo mpaka kisuuzwe. Godoro lile lilikunywa lita 60 za maji matamu tulipofika, yaani siku nne za akiba yetu, kwa sababu ya dirisha ambalo kulikaza ni kazi ya sekunde tano.

Ya pili ilitukuta karibu na kisiwa cha Makoongwe, tukiwa tumekwisha teremsha tanga kubwa na kuwasha injini ili tupite taratibu kati ya miamba. Mke wangu alikuwa omoni akinionyesha njia kwa mkono. Injini ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena na kuzima. Nilijua tatizo kabla haijanyamaza. Dizeli inayokaa tangini kwa miezi huota uchafu chini, na mawimbi ya kutwa nzima huukoroga na kuupeleka kwenye chujio, ndiyo maana injini iliyolala salama bandarini huzima siku na mahali usipopataka. Chujio jipya lilikuwa ndani ya droo tangu wiki tatu zilizopita. Kila siku nilikuwa na sababu ya kuliacha kesho, mara nguo zangu ni safi, mara jua kali. Kwa bahati nanga yetu huwa tunaifungua kamba zake kabla ya kukaribia nchi kavu yoyote, na mke wangu hakungoja amri. Aliiachia pale pale, penye maji ya pima tano, mnyororo ukanguruma, na chombo kikasimama mwamba ukiwa nyuma yetu kiasi cha urefu wa uwanja wa mpira. Nikabadilisha chujio nikiwa nimelowa dizeli mpaka viwiko, nikatoa hewa kwenye mipira, na baada ya nusu saa tukaingia Mkoani kama watu wenye adabu.

Bibi Usukani

Salamu kwenu nyote. Mimi ndiye mke wa mwenye uzi, na nimeomba nafasi ya kurekebisha sentensi moja. Ameandika kwamba dirisha la mbele “lilikuwa limeachwa bila kukazwa”. Kiswahili kina fadhila ya kumficha mtenda. Mtenda ni yeye, alilifungua alfajiri ili apate hewa wakati akivuta mnyororo.

Jambo jingine ni kufua, ambako amekupita kwa haraka kwa sababu hakumhusu sana mwaka wa kwanza. Nimejaribu kila njia. Kufua kwa maji ya bahari na kusuuza kwa matamu kunapoteza maji mengi kuliko kufua kwa matamu tangu mwanzo, kwa sababu chumvi haitoki kwa suuza moja. Njia iliyonifaa ni ndoo yenye mfuniko. Naweka nguo, sabuni kidogo na lita tano za maji, nafunga kwa kamba karibu na usukani kabla ya safari, na kufikia Pemba mawimbi yamefua bila mkono wangu. Maji ya suuza ya mwisho nayahifadhi yawe ya kwanza kwa fungu linalofuata. Kanga na vitenge hukauka upesi, taulo nzito tulizigawa zote, na jinzi za mwenzangu nilizishusha nchi kavu bila kumshauri.

Kwa wanawake wanaouliza kwa siri kuhusu choo, nitajibu hadharani kwa sababu hakuna aibu ndani yake. Kipo chumba chenye mlango, na choo chenyewe kinavuta maji ya bahari kwa mkono na kuyasukuma nje. Tukiwa karibu na ufukwe wa watu, hasa penye mashamba ya mwani ambamo kina mama wanasimama majini kutwa, hatukitumii kabisa, bali tunatumia ndoo yenye pumba za mbao na kwenda kuifukia nchi kavu. Vali zote zinazopitisha maji ya bahari tunazifunga kila tunaposhuka, na pembeni ya kila moja pamefungwa kizibo cha mbao laini kinacholingana na tundu lake, ili mpira ukipasuka usiku mtu asianze kutafuta kizibo gizani huku maji yakimfika magotini. Vizibo hivyo nilivichonga mimi.

Mwana wa Kilifi

Hongereni sana, dada na kaka. Mimi niko upande wa pili wa mpaka na nimepewa nafasi ya kulinda mashua ya tanga ya mtu kwa miezi sita hapa mtoni Kilifi. Nikitaka kutoka nje kwa safari fupi, linalonitisha zaidi ni kutia nanga. Mnajuaje ni mnyororo kiasi gani unatosha? Na je, chini ya chombo mnasafishaje ikiwa hakuna chelezo, mahali pa kupandishia vyombo, karibu?

Ngamani

Kaka wa Kilifi, mambo yote mawili yako ni somo moja, nalo ni kupwa na kujaa. Kwetu na kwenu bamvua huweza kupandisha maji karibu mita 4, na siku hizo maji hujaa kama saa kumi na kupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Sasa tuseme umetia nanga saa nne asubuhi penye mita 4, ukatoa mnyororo mita 20. Umefanya vema, ni mara tano ya kina. Ukalala mchana, na saa kumi jioni pale pale pana mita 8. Mita 20 zako zimekuwa mara mbili na nusu tu, mnyororo unavuta nanga kwa juu badala ya kuilaza, na kusi la jioni linamaliza kazi. Kinyume chake, ukitia nanga maji yamejaa penye mita 5 bila kufikiri, saa sita baadaye umebakiwa na mita 1 na mkuku wako, uti wa chini wa chombo, unataka moja na nusu. Hesabu mnyororo kwa maji yaliyojaa, na hesabu kina kwa maji yaliyopwa.

Maji pia hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti yote katika mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Ndiyo maana mtu huangalia maji kwa saa nzima akadhani yamesimama, akaenda kuswali na kunywa kahawa, akarudi akakuta kihori chake kinaelea mbali.

Kuhusu kusafisha, kwa wiki mbilimbili mimi huzama na kukwangua kwa kipande cha plastiki kigumu, kwa sababu ukoga ukiachwa hugeuka kuwa vigamba, na vigamba hupunguza mwendo mpaka safari ya saa sita inakuwa ya saa nane, yaani unaingia mwambani jua likiwa limezama. Lakini mara moja kwa mwaka tunafanya kama alivyosema mzee Serahangi. Tunasimamisha nguzo mbili za mkoko kila ubavu kwenye mchanga mgumu, tunakiingiza chombo saa kumi alfajiri maji yakiwa yamejaa, tunakifunga wima, na kungoja. Kufikia saa moja asubuhi kimesimama juu ya mkuku wake mchangani na tunaweza kuuzunguka tukitembea. Tuna saa sita, mpaka saa saba mchana. Ndani ya muda huo tunakwangua, tunabadilisha kipande cha zinki kilichofungwa karibu na rafadha, ambacho kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi badala ya rafadha yenyewe, na tunapaka rangi ya kuzuia ukoga mara mbili. Mwaka wa kwanza kipande hicho nilikikuta kimebaki kama gamba la yai.

Siku yenyewe uichague bamvua ikiwa bado inapanda, ili maji ya jioni yawe juu kuliko ya alfajiri. Ukipandisha chombo siku ya kilele chenyewe, maji ya baadaye yanaweza yasikifikie, na utakaa mchangani wiki mbili ukisalimiana na kila mpita njia. Sisi hatukuwahi, ila nilimwona aliyekaa, na watoto walikuwa wameshampa jina.

Kukwangua nilikowaeleza ndiko kunakonisubiri Jumamosi hii hapa Tanga. Nguzo zimesimama, rangi imenunuliwa, na tanga la mbele limeshushwa ili nilishone pembeni kwa sindano, nta na uzi (wa kushonea, si huu).

Serahangi Mstaafu

Mwanangu, nitakuja hiyo Jumamosi, inshallah. Sitashika burashi, mgongo haukubali, lakini nataka kuona nguzo zako umezifunga fundo gani. Na kipande cha kamba ya nanga kinachopita kwenye ukingo wa omo kifunge mpira wa zamani wa bomba kabla hakijakatika, nimekiona kwenye picha uliyoweka.

Ngamani

Mzee wangu, ahsante, kahawa itakuwepo. Kamba nimeifunga mpira sasa hivi, na kweli nyuzi tatu zilikuwa zimekwisha katika.

Bibi Usukani

Leo asubuhi nilitangulia kuamka, nikafunua ubao, nikachovya kidole mimi mwenyewe. Matamu. Mwenye uzi yuko chini ya kitanda anatafuta mpira wa tangi tangu saa moja, kwa hiyo wanaosubiri majibu yake wawe na subira mpaka jioni. Mpaka sasa tumepoteza kama lita 30.